Nukta Haioni Picha

Mashariki ya jiji la Paris, mahali paitwapo Marne-la-Vallée, ipo bustani kubwa ya burudani iliyofunguliwa mwaka 1992, yenye hoteli zake, maduka yake na kasri lake la kubuni. Usiku, wageni waliochoka kuzunguka tangu asubuhi husimama mbele ya kasri hilo wakainua nyuso. Taa za chini hufifizwa, muziki ukaanza, na nyuma ya minara vikachomoza vijinuru mia kadhaa vinavyopanda angani bila haraka. Hutawanyika, hukusanyika, na mara huwa sura za hadithi ambazo kila mtoto aliyepo pale amezizoea. Onyesho moja la namna hii lilianza tarehe 8 Januari 2024, nalo lilitumia vijinuru vipatavyo 500. Watu hushangilia, watoto hunyoosha vidole, na wazee nao husahau umri wao kwa dakika chache.

Hapana haja ya kuidharau furaha hiyo. Ajabu ni ajabu, na mwanadamu aliyepoteza uwezo wa kustaajabu amepoteza jambo kubwa. Lakini kila ajabu iliyoundwa na binadamu ina mpango wake, na mpango wa ajabu hii unafaa kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo watu wa Afrika ya Mashariki wamewahi kuulizwa kwa njia iliyo nzito kuliko burudani.

Kila kijinuru ni chombo kidogo chenye panga nne zinazozunguka kama za pangaboi, betri moja, na taa inayoweza kubadili rangi. Kwa Kiswahili cha siku hizi chombo hicho huitwa ndege nyuki, na wengine husema droni. Aina moja iliyopata sifa katika miaka ya mwanzo ilikuwa na uzito wa gramu 330 hivi, yaani uzito wa embe la wastani. Mchoraji huchora picha zake kwenye kompyuta. Programu huzigawa picha hizo ziwe nukta. Kila nukta hupewa ndege yake. Na kila ndege hupewa orodha ya mahali inapotakiwa kuwapo, nukta ya wakati kwa nukta ya wakati, tangu inaporuka hadi inapotua. Satelaiti huiambia iko wapi, na kituo kilichopo ardhini huisahihisha hata ikose mahali pake kwa sentimita chache tu. Upepo ukizidi, onyesho huahirishwa. Betri nayo haina subira, kwa hiyo aghalabu yote huwa yamekwisha kabla ya robo saa.

Sanaa hii ni changa. Mwaka 2012, katika mji wa Linz nchini Austria, ndege 49 zilipaa pamoja, na watu wakaona kuwa wameshuhudia jambo kubwa. Katika ufunguzi wa michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko PyeongChang, Korea Kusini, mwaka 2018, walionyeshwa watazamaji wa televisheni ndege 1,218, ingawa walichokiona kilikuwa kimerekodiwa kabla. Mwaka 2024, katika jiji la Shenzhen nchini China, zilirushwa kwa pamoja zaidi ya 10,000. Hesabu inakua, na kila inapokua picha huzidi kuwa laini, mpaka jicho likasahau kabisa kuwa linatazama nukta.

Na hapo ndipo penye swali. Katika bumba lile lote la taa, hakuna ndege hata moja inayoiona picha. Iliyo katika jicho la kobe haijui kuwa ni jicho, wala haijui kuna kobe. Haimjui jirani yake. Hakuna inachokifahamu ila orodha yake. Picha iko kwa aliyeichora na kwa aliyelipa kiingilio. Kwa aliye ndani yake haipo. Je, mpango ambao uzuri wake huonekana na aliye nje peke yake una haki gani juu ya walio ndani?

Kwa ndege nyuki jibu ni jepesi. Chuma hakidhulumiwi, na taa haina moyo wa kuvunjika. Lakini mpango haujali nukta zake zimeumbwa kwa nini. Mpango uleule waweza kupangwa kwa taa, kwa maneno, kwa nyumba, na kwa watu.

Lile onyesho la Januari 2024 lilibuniwa kwa kulienzi gwaride kongwe la taa ambalo lilianza Juni 1972 katika bustani mama ya kampuni hiyo, huko California. Gwaride hilo lilifika Ufaransa mwaka 1992 na kuendelea hadi 2003. Ndani yake kila umbo la taa lilikuwa na mtu: wachezaji waliovaa nguo zilizoshonewa balbu, waendeshaji waliofichwa ndani ya magari yenye kumeremeta. Mwaka huohuo wa 1972, mbali kabisa na California, magharibi ya Tanzania, watu nao walikuwa wakiwekwa katika picha, nayo haikuwa ya burudani.

Heru Juu ni nchi ya vilima wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, katika Buha. Hapo zamani palikuwa na himaya ya Heru, ambayo mtawala wake aliitwa Mwami, na katika miaka ya mwisho ya ukoloni kiti hicho kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Ni nchi ya mvua nyingi na baridi ya asubuhi, nchi ya migomba, maharage na kahawa. Kaskazini yake, kuelekea Kibondo, ardhi hushuka na misitu ya miombo hutanda, na huko asali ni mali tangu enzi za mababu. Nyumba ya Muha wa vilima hivyo haikufuata mstari. Ilifuata mgomba, na mgomba ulifuata udongo na maji. Baina ya nyumba na nyumba palikuwa na shamba, na jioni moshi ulitosha kumwambia mtu nani amerudi na nani bado. Aliyezaliwa pale aliuelewa mpangilio huo kama anavyouelewa mwandiko wa baba yake. Aliyetazama kutoka mbali, kwa ramani au kwa daftari la ofisini, aliona vurugu.

Mwaka 1972 ilifanyika Operesheni Kigoma, mojawapo ya operesheni za mwanzo za kuwahamishia watu vijijini, baada ya zile za Rufiji na Dodoma. Wilaya za Kigoma, Kasulu na Kibondo ziliguswa. Kaya zilizokuwa zimetawanyika vilimani na mabondeni zilitakiwa ziondoke zikaanze maisha katika vijiji vilivyopimwa, nyumba zikipangwa kwa safu, aghalabu kandokando ya barabara. Kwa mara ya kwanza nchi ile ilikuwa na picha. Afisa aliyekuja na gari aliweza kuhesabu nyumba bila kushuka.

Uadilifu wataka isemwe wazi kuwa waliochora picha hiyo hawakuwa na nia mbaya. Shule haiwezi kujengwa kwa ajili ya kaya moja juu ya kilima kimoja. Zahanati huhitaji watu wa kuizunguka, na bomba la maji halina uwezo wa kumfuata kila mtu mgombani kwake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilidai elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977, na pasingekuwa na vijiji dai hilo lingebaki maneno. Wapo Tanzania nzima wazee wa leo wanaosoma barua zao wenyewe kwa sababu walikulia katika kijiji chenye shule. Hilo halifutiki, na mwenye kulifuta hatendi haki.

Lakini kuna jambo ambalo mchoraji hakulijua, nalo lilijulikana na kila nukta. Mwanamke aliyetakiwa kuhama alijua ni bonde lipi hutunza maji wakati wa kiangazi. Mzee alijua ni udongo upi huchoka baada ya misimu miwili. Katika sehemu nyingi za nchi, watu waliopangwa barabarani walijikuta mashamba yao mazuri yamebaki mbali, ardhi iliyo karibu ikachakaa kwa kulimwa na wengi, na kuni zikawa za kufuatwa mwendo mrefu. Maarifa ya kuyaepuka hayo yalikuwapo. Yalikuwa ndani ya picha, kwa watu ambao mpango haukuwa na mahali pa kuwasikilizia.

Kinachouma zaidi ni kuwa onyo lilikwisha kutolewa, tena na mwenye nchi mwenyewe. Mwezi Oktoba 1968, katika waraka wake juu ya uhuru na maendeleo, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kuwa mtu haendelezwi na mwingine, hujiendeleza mwenyewe, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa nguvu. Miaka mitano baadaye, Novemba 1973, tamko lilikuwa jingine: kuishi vijijini sasa ni amri. Ni mtu yuleyule, na shabaha ni ileile. Kilichobadilika ni subira. Mwaka 1968 alizungumza kama mtu anayengoja watu waione picha kwa macho yao. Mwaka 1973 alizungumza kama mtu ambaye picha imekwisha kamilika kichwani mwake na usiku unakwenda.

Msomaji wa visiwani na mwambao huenda akauliza: je, basi kila safu ni dhuluma? Hasha. Mara tano kwa siku watu husimama safu moja, bega kwa bega, wakainama pamoja na kuinuka pamoja nyuma ya imamu mmoja. Anayepita nje ya msikiti akitazama dirishani huona mpangilio ambao hata ndege 1,000 za taa hazingeweza kuushinda kwa haiba. Je, wale nao ni nukta?

Jibu limo katika hukumu za sala yenyewe. Kwanza, kila aliye katika safu ana nia yake. Pasipo nia hapana sala, hata kama mwili umeinama sawasawa na wengine. Pili, hakuna mtazamaji ambaye safu imepangwa kwa ajili ya jicho lake. Aliye mbele na aliye nyuma wanaelekea kibla kimoja. Na tatu, ambalo ndilo kubwa kwa swali hili: imamu akikosea, mamuma ana haki ya kumzindua. Husabihi aliye nyuma, hata akiwa kijana asiye na cheo, na imamu aliyesahau hurejea. Safu ile ina njia ya kurudi nyuma. Kauli husafiri kutoka kwa imamu kwenda kwa mamuma, na pia kutoka kwa mamuma kwenda kwa imamu, na ndiyo maana mtu husimama ndani yake bila kupungukiwa na utu.

Sasa na itazamwe safu isiyo na njia hiyo. Tarehe 21 Desemba 2024, katika mji wa Orlando, Marekani, mji unaosifika kwa bustani za burudani, palikuwa na onyesho la ndege nyuki juu ya ziwa Eola kwa ajili ya sikukuu. Muda mfupi baada ya kuruka, baadhi ziligongana na kuanguka, na mtoto wa miaka 7 aliumizwa vibaya. Wachunguzi walikuta kasoro katika mpangilio uliotayarishwa kabla ya kuruka. Ndege zenyewe hazikuasi. Pengine kila moja ilikuwa ikijitahidi kutimiza ilichopewa. Kosa liliwekwa chini, likapaa, na huko juu hapakuwa na hata moja iliyoweza kusabihi. Utiifu kamili ndivyo ulivyo: hubeba jema la mpangaji kwa ukamilifu, na hubeba kosa lake kwa ukamilifu uleule.

Jina la chombo chenyewe lina somo lake. Wazungumzaji wa Kiingereza walikiita kwa neno la dume la nyuki, na Kiswahili kikafuata kwa kusema ndege nyuki. Dume la nyuki halina mwiba, haliendi kutafuta chakula mauani, halitengenezi asali. Lakini bumba la nyuki, ambalo onyesho la taa hufanana nalo kwa mbali, lina mpango wa namna nyingine kabisa. Nyuki wanapogawanyika na kuondoka mzingani, hutua kwanza mahali pa muda, kwenye tawi, wakaning'inia kama kikapu. Kutoka hapo wapelelezi mia kadhaa hutoka kutafuta makazi. Mjerumani Martin Lindauer aliwachunguza katika miaka ya 1950, na Mmarekani Thomas Seeley akaendelea na kazi hiyo mpaka kukiandikia kitabu mwaka 2010. Waliyoyaona ni haya: mpelelezi aliyepata tundu zuri hurudi akacheza ngoma inayoonyesha upande na umbali wake, na ubora wa tundu huongeza bidii ya ngoma. Wenzake hawaamini tu. Huruka wakaenda kuona wenyewe, na walioridhika hurudi nao wakacheza. Ngoma za matundu mabaya hufifia. Wapelelezi wa kutosha wanapokutana katika tundu moja, shauri limekwisha, na bumba lote hupaa. Malkia hakuamuru. Yeye naye hufuata.

Wafuga nyuki wa Kibondo na Kasulu hawakuhitaji vitabu ili kuliheshimu jambo hilo. Mzinga wao wa asili ni gogo lililotobolewa au gome lililokunjwa, ukatundikwa juu ya mti wa mwituni. Mwenye mzinga huchagua mti, huuelekeza mlango, huupaka nta ndani ili unukie. Baada ya hapo huenda zake. Hawezi kumwita nyuki, wala kumsukuma, wala kumpangia chumba. Nyuki wakiukubali mzinga, mwaka huo atavuna. Wakiukataa, atauhamishia mti mwingine na kujiuliza wapi alikosea. Ndivyo Waraka wa 1968 ulivyotaka kijiji kiwe: mzinga uliotundikwa vizuri. Kijiji cha 1973 kilikuwa na haraka ya mchoraji wa taa.

Haki inadai sasa upande wa pili usikilizwe, maana upo, na si mdogo. Katika nchi nyingi, na Tanzania na Zanzibar zikiwamo, imekuwapo desturi ya halaiki. Katika sherehe za kitaifa, uwanjani Amaan au kwingineko, vijana kwa mamia huvaa rangi moja, wakakaa, wakainuka, wakajipanga, na kutoka jukwaani wakuu na wageni wakaona maua, nyota, tarakimu za miaka. Watazamaji hupiga makofi kwa haki, kwani ni kazi ya kupendeza. Lakini kijana aliyekuwa ukingo wa ua, baada ya mazoezi ya siku nyingi juani, hakuliona ua. Wengine huona fahari ya kuwamo, na fahari hiyo ni kweli. Mwenzake wa kulia anamjua kwa jina, wametaniana mazoezini, wamegawana maji. Wengine walikuwamo kwa kuwa mwalimu aliorodhesha majina.

Iwapo ni lazima pawe na picha za kutazamwa kutoka jukwaani, basi afadhali zichorwe kwa vyuma. Hii ndiyo sifa ya kweli ya onyesho la ndege nyuki, sifa ambayo waliolibuni wenyewe hawakuifikiria. Limempokonya mwanadamu kazi ya kuwa nukta. Lile gwaride la 1972 lilihitaji watu wa kuvaa balbu. La 2024 halikumhitaji yeyote ndani yake. Mtoto wa Marne-la-Vallée anaweza kufurahi bila mtoto mwingine kusimama juani kwa ajili ya furaha yake. Kwa mizani ya maadili, hiyo ni faida isiyo na hasara.

Hasara, ikiwapo, imo katika jicho. Jicho hulelewa na kile linachokipenda. Mtu aliyezoea kuona nukta 500 zikitii bila kusita, bila moja kuchelewa, bila moja kuuliza, huenda akaanza kuona kusita kwa watu kuwa ni uchafu. Mkutano wa kijiji unaokwenda mpaka jua likazama kwa sababu bibi mmoja hajaridhika utamchosha. Soko lenye vibanda vilivyojipanga kwa mazoea ya wauzaji litamuudhi. Atatamani mstari. Na siku akipewa madaraka ataanza na ramani.

Visiwani ramani hiyo nayo imekwisha pigwa na chombo kilekile. Kuanzia mwaka 2016, ndege nyuki zenye kamera zilizunguka juu ya Unguja na Pemba katika mradi wa serikali uliowashirikisha pia vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, zikapiga picha za kila paa, kila kichaka na kila njia. Manufaa ya ramani kama hizo hayana ubishi: mwenye kupanga mitaro ya mvua au kulinda fukwe hawezi kufanya kazi kwa kukisia. Hata hivyo, katika picha ile nyumba ya mtu ni kipande cha bati. Bati halisemi kwamba chini yake mna kaburi la mama, wala kwamba mwembe ule pembeni ndio baraza la mtaa. Chombo kimoja, basi, hufanya kazi mbili: usiku huwa nukta inayotazamwa, na mchana huwa jicho linalowageuza waliopo chini kuwa nukta. Anayeshika picha hiyo mkononi anadaiwa kushuka akabishe hodi kabla hajachora mstari wake wa kwanza.

Wapenzi wa ushairi wanaijua habari hii kwa njia yao. Shairi la kimapokeo ni mpango mkali kuliko mipango mingi: mizani kumi na sita, minane kwa minane, vina vya kati na vya mwisho. Kwa asiyejua, maneno ndani ya ubeti huo ni halaiki. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 maneno yalipangwa kwa wingi yakatumikie siasa. Ngonjera zilifundishwa mashuleni na kukaririwa mbele ya wageni, na mikusanyo ya ngonjera ya Mathias Mnyampala ilichapishwa miaka ya 1970 na 1971, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Nyingi kati ya tungo za wakati ule, za watunzi wengi, zimekwenda na wakati wake. Kina kilitimia, mizani ikatimia, lakini kila neno lilikuwa limeambiwa mapema litue wapi. Tungo zilizobaki vinywani mwa watu ni zile ambamo mtunzi alikubali neno limgomee. Alitaka kusema hivi, kina kikakataa, akatafuta neno jingine, na neno hilo likamfundisha jambo ambalo hakuwa amelijua alipoanza ubeti. Mshairi wa namna hiyo naye ana mpango, lakini husikia akisabihiwa.

Lugha yenyewe imeweka jina moja kwa hesabu ya silabi na kwa chombo cha kupimia haki: mizani. Yumkini ni bahati ya lugha tu. Lakini inafaa kukumbukwa kila mara mtu anapotaka kupanga kitu kikapendeza.

Kipimo, basi, kipo, nacho si kigumu kukitumia. Mbele ya mpango wowote wenye kupendeza, uwe kijiji, shule, jeshi, chama au shairi, na yaulizwe mambo mawili. Je, aliye ndani anaweza kuiona picha anayoifanya? Na akiona kosa, ana njia ya kusema, na kauli yake ikabadili kitu? Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyoanzishwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa waliokimbia vita vya Kongo, ikitazamwa kutoka juu huonekana kama daftari la mistari, na mistari hiyo imeokoa maisha, kwa kuwa maji na chakula havigawiki gizani. Haipaswi kuhukumiwa kwa unyoofu wa mistari. Ihukumiwe kwa jinsi mama aliyepewa kiwanja mahali panapotuama maji anavyoweza, au asivyoweza, kupata mtu wa kumsikiliza.

Mwaka 2022 umeme wa gridi ya taifa ulifika Kibondo na Kasulu, nchi ambayo kwa miaka mingi iliangazwa na majenereta ya dizeli pale yalipokuwapo. Taa zinapanda vilima vya Buha polepole, moja hapa, moja kule, kila moja ikiwashwa na mwenye nyumba anapopata fedha za kuunganishiwa na kuzimwa anapolala. Kutoka kilele cha Heru Juu usiku hazichori kitu. Zimekaa mahali watu walipo, na kila moja ina mtu anayeweza kueleza kwa nini iko pale.